Mariem Hassan na Nyimbo za Kudai Uhuru wa Wasahrawi

Wasahrawi ni watu wa jangwa. Nchi yao, iitwayo Sahara ya Magharibi, iko kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki, baina ya Moroko upande wa kaskazini na Moritania upande wa kusini. Asili yao ni wafugaji wa ngamia na mbuzi, waliokuwa wakiyafuata mawingu popote yaendapo, na lugha yao ni Kihassania, yaani Kiarabu kilicholetwa jangwani na kabila la Bani Hassan na kuchanganyika na maneno ya Kiberberi. Msomaji asidhani kwamba watu hao walikosa elimu ya vitabu. Mji wa Smara, uliojengwa na Sheikh Ma el Ainin mwaka wa 1898, ulikuwa na maktaba mashuhuri, mpaka jeshi la Wafaransa lilipouingia mwaka wa 1913 na kuiharibu. Lakini mambo ya watu wote, yaani nasaba na vita, visima na malisho, mapenzi na misiba, hayakuwekwa zaidi katika vitabu. Yaliwekwa katika mashairi, na mashairi hayo yalisafiri kwa kuimbwa.

Kwa hiyo mtu atakaye kuijua historia ya Wasahrawi katika nusu karne iliyopita hawezi kutosheka na maazimio ya Umoja wa Mataifa na hukumu za mahakama, ijapokuwa hizo ni nyingi mno. Hana budi kuzitegea sikio nyimbo. Na katika waimbaji wa kizazi kilichopigana vita vya uhuru, ni vigumu kumtaja ambaye sauti yake ilifika mbali kama ile ya Mariem Hassan, aliyezaliwa karibu na Smara mwaka wa 1958 na kufariki mwaka wa 2015. Maisha yake yaonyesha jambo ambalo mara nyingi husahauliwa na wale waandikao juu ya nyimbo za ukombozi, kwamba wimbo wa namna hiyo haubaki kuwa kitu kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Wakati wa vita wimbo huwa ni wito. Vita vikisimama pasipo ushindi, wimbo ule ule hauna budi kutafuta kazi nyingine, ama sivyo utabaki kuwa kelele tupu. Wimbo wa Mariem uliipata kazi hiyo: ukawa dai, mfano wa dai la mtu aliyeahidiwa jambo na asitimiziwe.

Muziki wa Wasahrawi huitwa haul, na kwa asili ni mmoja na ule wa Moritania. Haul ina maqamu zake, na kila maqamu ina hali yake ya moyo. Ile iitwayo fagu, mathalan, hunasibishwa na ushujaa na vita, hata mwimbaji akianza kwayo wasikilizaji hujua, kabla ya neno la kwanza kutamkwa, ni khabari ya namna gani itakayofuata. Vyombo vya asili ni vichache. Tidinit ni chombo cha nyuzi nne kilichowambwa ngozi, nacho hupigwa na wanaume. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akikiona hatakawia kukifananisha na gambusi. Ardin ni kinubi cha wanawake, kijulikanacho zaidi Moritania. Lakini chombo kilicho hasa cha Wasahrawi ni tbal, yaani ngoma ya bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, ambayo wanawake huketi chini na kuipiga kwa viganja, huku wengine wakipiga makofi na vigelegele. Jambo hili lataka kukumbukwa, kwa sababu wanaume walipokwenda vitani, ngoma ilibaki kambini pamoja na wenyewe. Gitaa la umeme lilipoingia jangwani lilichukua pole pole mahali pa tidinit, lakini wapigaji hawakuiga namna ya Wazungu. Walilifanya gitaa liseme kwa lafudhi ya chombo kile cha zamani.

Zamani kuimba mbele ya watu kulikuwa ni kazi ya koo maalumu, waitwao iggawen, ambao waliwasifu wakuu wa makabila na kuishi kwa ukarimu wao. Mtu asiye wa koo hizo aliweza kutunga shairi na kupata sifa kubwa kwa utunzi wake, lakini kusimama na kuimba kwa malipo hakukuhesabiwa kuwa ni jambo la heshima kwake. Mahali palipokuwa wazi kwa watu wengi zaidi palikuwa katika medh, yaani kasida za kumsifu Mtume, ziimbwazo hasa usiku wa kuamkia Ijumaa kwa sauti ya mtu mmoja na kuitikiwa na wote. Atakayeusikiliza uimbaji wa Mariem kwa makini ataitambua desturi hiyo ya medh ndani yake, hata pale wimbo unapokuwa ni wa siasa. Sauti hupanda ghafula na kukaa juu, kavu na yenye nguvu, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, kisha huteremka kuwasubiri waitikiaji.

Mariem alizaliwa katika jamaa ya wafugaji, mwaka ule ule ambao Hispania iliitangaza nchi hiyo kuwa jimbo lake. Wahispania walikuwa wamedai pwani hiyo tangu mwaka wa 1884, lakini kwa muda mrefu hawakuijali sana bara yake. Kilichowafanya wabadili nia ni madini ya fosfeti yaliyoonekana Bou Craa. Mgodi ulipoanza kazi, mwaka wa 1972, ulijengewa ukanda wa kuchukulia mchanga wa madini wenye urefu wa kilomita 100 hivi, kutoka bara mpaka pwani. Watu wengi waliokuwa wakihamahama walianza kukaa mijini, na ukame uliwasukuma zaidi. Huko mijini ndiko siasa ilikoanzia. Tarehe 17 Juni 1970 watu walikusanyika katika mtaa wa Zemla, mjini El Aaiún, kudai haki zao. Askari wakafyatua risasi, na kiongozi wao, Mohamed Bassiri, alikamatwa na hakuonekana tena. Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Mei 1973, vijana waliunda chama cha Polisario, na siku kumi tu baada ya hapo wakafanya shambulio lao la kwanza. Mariem alikuwa msichana bado. Katika mikutano ya siri ya chama, ambayo ilifanywa mahemani chini ya pazia la karamu na ziara za jamaa, nyimbo zilikuwa njia ya kuwafahamisha wasiojua kusoma ni nini kilichokuwa kikitakwa, naye alikuwa miongoni mwa walioimba.

Mambo ya mwaka wa 1975 yajulikana na wengi, nayo yatatajwa kwa ufupi. Tarehe 16 Oktoba Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake kwamba nchi hiyo, Wahispania walipoingia, haikuwa nchi isiyo na wenyewe, kwa kuwa ilikaliwa na watu wenye utaratibu wao na wakuu wao. Mahakama ilikubali kwamba baadhi ya makabila yalikuwa na kifungo cha utii kwa Sultani wa Moroko, lakini ikakataa kwamba kifungo hicho kilikuwa ni mamlaka juu ya nchi, au kwamba kiliiondoa haki ya watu kujiamulia mambo yao. Mfalme Hassan wa Pili wa Moroko aliyafahamu maoni hayo kwa njia yake, na tarehe 6 Novemba watu 350,000 walivuka mpaka kwa miguu katika yale yaliyoitwa Matembezi ya Kijani. Tarehe 14 Novemba Hispania ilitia sahihi mjini Madrid mapatano ya kuwakabidhi Moroko na Moritania utawala wa nchi. Wenyewe hawakuulizwa. Hesabu ya watu iliyofanywa na Wahispania mwaka wa 1974 ilikuwa imepata Wasahrawi 73,497. Katika miezi michache sehemu kubwa ya watu hao ilikuwa njiani kuelekea mashariki, wengine juu ya malori na wengine kwa miguu, na ndege za Moroko ziliwapiga kwa mabomu katika makambi yao ya njiani, kama vile Um Draiga. Mariem, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Walipokelewa katika ardhi ya Aljeria, karibu na mji wa Tindouf, kwenye uwanda wa mawe uitwao hamada, ambako joto la kiangazi hupita digrii 45 na mti wa kivuli hauonekani.

Tarehe 27 Februari 1976, siku moja baada ya Wahispania kuondoka, Polisario ilitangaza Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara. Dola hiyo ilizaliwa ikiwa na watu na jeshi, lakini sehemu kubwa ya nchi yake ilikuwa mikononi mwa wengine. Ndipo yalipofanywa mambo mawili yenye maana kubwa kwa khabari ya nyimbo. La kwanza ni majina. Makambi yaliitwa kwa majina ya miji iliyoachwa: El Aaiún, Smara, Dakhla, Auserd. Mtoto aliyezaliwa hamadani aliweza kusema, "Mimi ni wa Smara," na asiwe ameiona Smara. La pili ni kwamba chama kilipiga marufuku ubaguzi wa makabila na wa koo. Kwa amri hiyo ya kisiasa, kazi ya iggawen ilifunguliwa kwa kila mtu. Binti wa mfugaji aliweza kusimama mbele ya halaiki na kuimba, naye hakuhesabiwa kuwa mwimbaji wa kuajiriwa, bali alikuwa mpiganaji kama wengine. Tena makambi yaliendeshwa na wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa mstari wa mbele. Wao ndio waliogawa chakula, kufundisha watoto na kuuguza wagonjwa. Mariem mwenyewe alifanya kazi ya uuguzi.

Kiongozi wa kwanza wa Polisario, El Uali Mustafa Sayed, aliuawa mwezi wa Juni 1976 katika shambulio la kuuendea mji wa Nouakchott, na kikundi kikuu cha waimbaji kilichukua jina lake, Shahidi El Uali. Kwa miaka mingi Mariem aliimba katika kikundi hicho, akasafiri nacho katika nchi nyingi. Katika nyimbo za wakati ule si rahisi kuzungumza juu ya mwimbaji mmoja mmoja. Mtunzi alitunga na kikundi kiliimba, na wimbo ulikuwa mali ya wote. Maneno yake mengi yalikuwa majina: majina ya vita vilivyopiganwa, ya mabonde na vilima, ya mashahidi, ya silaha zilizotekwa. Mkosoaji wa mashairi atasema, na atakuwa na haki, kwamba nyingi katika nyimbo hizo hazina undani. Zasema tutashinda, na kurudia kwamba tutashinda. Santuri iliyotolewa na kikundi hicho mjini Barcelona mwaka wa 1982 ilichukua maneno hayo hayo kuwa jina lake. Lakini yapasa kuzipima kwa kazi yake. Mama aliyekaa hamadani bila ya gazeti alijua kwa wimbo mahali vita vilipofika, na jina la mwanawe likitajwa alijua kwamba hakusahauliwa. Redio ya Wasahrawi, iliyoanza mwishoni mwa mwaka wa 1975, ilizirusha nyimbo hizo mpaka ndani ya miji iliyokuwa chini ya Moroko, na kaseti zilipita mahali ambapo watu hawakuweza kupita. Mariem alipoteza ndugu zake watatu vitani. Alipoimba juu ya mashahidi hakuwa akiimba juu ya watu wa mbali.

Haifai kudhani kwamba upande wa pili ulikuwa kimya. Matembezi ya Kijani yalikuwa na nyimbo zake, nazo zajulikana na kila Mmoroko wa umri ule: wimbo wa "Sawt al-Hassan", ulioitikia wito wa mfalme, na wimbo wa "Laayoune Ainiya", ulioimbwa na kikundi mashuhuri cha Jil Jilala, ambao jina lake lachezea neno, kwa kuwa jina la mji na neno la macho ni la mzizi mmoja katika Kiarabu. Nyimbo hizo ziliimbwa kwa moyo wa kweli na watu walioamini kwamba wanarudishiwa kipande cha nchi yao. Hata leo ubishi huo waendelea katika sanaa yenyewe: katiba ya Moroko ya mwaka wa 2011 yautaja utamaduni wa Kihassani kuwa ni sehemu ya utambulisho wa Moroko, na wapo wanamuziki wa haul wakaao Dakhla, kama vile kikundi cha Doueh, ambao wamesikika Ulaya na Marekani kwa ufundi wao pasipo kuwa wasemaji wa upande wowote. Kwa hiyo si haul yenyewe iliyo ya uhuru. Ni maneno yaliyotiwa ndani yake, na mahali alipokuwa amesimama mwimbaji alipoyatamka.

Vita vya Wasahrawi vilileta matunda mwanzoni. Moritania ilijitoa mwaka wa 1979. Katika Afrika, nchi moja baada ya nyingine ziliitambua jamhuri hiyo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo, mwezi wa Novemba 1978. Mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanywa Addis Ababa mwezi wa Novemba 1984 ulimchagua Rais Nyerere kuwa mwenyekiti, na katika mkutano huo huo wajumbe wa Wasahrawi waliketi katika kiti chao. Moroko ikajitoa, wala haikurudi mpaka mwaka wa 1997 ulipopita na miaka ishirini zaidi. Lakini katika uwanja wa vita Moroko ilikuwa imeanza, tangu mwaka wa 1980, kujenga boma la mchanga na mawe lenye mabomu ya kutegwa ardhini, ambalo lilipokamilika mwaka wa 1987 lilikuwa na urefu wa kilomita 2,700 hivi na kuigawa nchi mapande mawili. Tarehe 6 Septemba 1991 silaha ziliwekwa chini chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, kwa ahadi kwamba kura ya maoni ingepigwa mwezi wa Januari 1992. Pande mbili zilibishana ni nani anayestahili kupiga kura, hesabu ile ya mwaka wa 1974 ikawa msingi wa magomvi yasiyokwisha, na kura haikupigwa.

Hapo wimbo wa "tutashinda" ulipata shida. Hapakuwa na vita vipya vya kutaja. Vijana walirudi kutoka shuleni Aljeria na Kuba wakakuta hema lile lile. Wimbo ukiendelea kusema yale yale, wasikilizaji wataitikia kwa adabu tu. Mariem alipita katika shida hiyo kwa njia ambayo hakuipanga. Mwaka wa 1998 kampuni ya muziki ya Madrid iitwayo Nubenegra, chini ya Manuel Domínguez, ilitoa mkusanyo wa muziki wa Wasahrawi, na sauti ya Mariem ikatambulika mara moja kuwa si ya kikundi tu. Mwaka wa 2002 ilitoka santuri aliyoimba pamoja na kikundi cha Leyoad, na baadaye akahamia Hispania, katika jimbo la Barcelona. Tazama mzunguko wa mambo: nchi iliyowaacha Wasahrawi bila ya kuwauliza ndiyo iliyokuwa mahali pa kukipazia kilio chao. Si ajabu sana, kwa kuwa jamaa nyingi za Kihispania zilikuwa zikiwapokea watoto wa makambini kila kiangazi, na kama serikali ilikuwa imesahau, watu hawakusahau.

Santuri yake ya mwaka wa 2005, *Deseos*, yaani matamanio, ilitengenezwa wakati wa taabu. Mariem alikuwa amepatwa na saratani ya titi, na Baba Salama, mpiga gitaa aliyekuwa nguzo ya muziki wake, alifariki mwaka huo huo. Ndani yake zimo nyimbo za mashahidi, lakini pia zimo za mapenzi na za kumwomba Mungu, na huzuni yake si ya taifa tu. Kwa mara ya kwanza msikilizaji amsikia mwanamke mmoja, mwenye umri na maradhi na kumbukumbu zake. Wako waliosema kwamba kwa kutoka katika kikundi aliipunguza nguvu ya siasa. Rai hiyo haisimami. Dai la watu elfu ni rahisi kuliingiza katika faili. Ni vigumu zaidi kumwambia mtu mmoja, usoni pake, kwamba ndugu zake walikufa bure.

Kilele cha njia hiyo ni *Shouka*, ya mwaka wa 2010. Neno hilo maana yake ni mwiba. Ili kuufahamu wimbo uliotoa jina hilo, yafaa kurudi nyuma. Tarehe 14 Novemba 1976, mwaka mmoja kamili baada ya mapatano ya Madrid, kiongozi kijana wa chama cha Kisoshalisti cha Hispania, Felipe González, alikwenda makambini. Alisimama mbele ya wakimbizi, akaona haya kwa ajili ya serikali yake, na akaahidi kwamba chama chake kitakuwa pamoja nao mpaka ushindi wa mwisho. Mwezi wa Desemba 1982 akawa Waziri Mkuu, akabaki katika cheo hicho mpaka mwaka wa 1996. Katika miaka hiyo yote siasa ya Hispania juu ya Sahara haikugeuka kuelekea ahadi ile. Kinyume chake, mwaka wa 1985 wajumbe wa Polisario walifukuzwa Hispania. Kwa miaka zaidi ya thelathini hotuba ile ilibaki katika kumbukumbu za makambi, watu wakiitaja kama vile mtu atajavyo deni. *Shouka* yaichukua hotuba hiyo na kuijibu.

Wimbo huo ni mrefu, unapita dakika kumi, nao hauna haraka. Hapa ndipo ionekanapo faida ya sanaa ya kale. Katika desturi ya mashairi ya jangwa, kama ilivyo katika mashairi ya kujibizana kwingineko, jibu hufuata njia ya maneno yaliyojibiwa: hoja huchukuliwa, hugeuzwa, na mwenyewe hurudishiwa. Mariem haimbi matusi. Amweka msemaji mbele ya maneno yake mwenyewe, na neno la mwiba latosha, kwa kuwa kila aliyetembea jangwani ajua kwamba mwiba si jeraha la kuua. Ni kitu kidogo kinachokuzuia usisahau kwa kila hatua. Wito wa vita wamtaka msikilizaji ainuke. Wimbo huu wamtaka mtu aliye mbali, mwenye cheo, atoe hesabu. Wasikilizaji wa Ulaya hawakujua Kihassania, wakategemea tafsiri. Wale wa makambini walilijua kila neno, na wazee wao walikuwapo siku ile ya mwaka wa 1976. Wimbo mmoja ulikuwa shitaka kwa hawa na ushahidi kwa wale.

Mwisho wa mwaka huo huo wa 2010 khabari zilitoka upande mwingine wa boma. Mwezi wa Oktoba Wasahrawi wakaao El Aaiún walitoka mjini, wakapiga maelfu ya mahema mahali paitwapo Gdeim Izik, kulalamikia hali yao ya kazi na makao. Tarehe 8 Novemba askari wa Moroko waliivunja kambi hiyo, ghasia zikaenea mjini, na watu wa pande zote mbili walipoteza maisha. Hema, ambalo kwa Msahrawi ni nyumba ya kawaida, lilikuwa limegeuka kuwa tamko la siasa. Mariem alijibu kwa santuri ya mwaka wa 2012, *El Aaiún Egdat*, yaani El Aaiún inawaka moto. Jina hilo limefanana na yale ya nyimbo za zamani, zilizotangaza khabari za vita mara tu vilipotokea, na muziki wake ni wa kasi zaidi. Mwimbaji aliyekuwa mgonjwa, mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, alirudia kazi aliyoianza akiwa msichana, lakini safari hii waliotajwa hawakuwa askari wenye bunduki.

Yafaa kuuliza kama Mariem alikuwa msanii huru au mtumishi wa chama. Hakika ni kwamba hakujitenga na Polisario maisha yake yote, wala hakuonyesha haja ya kufanya hivyo, na mtafutaji wa ukosoaji wa viongozi wa makambini hataupata kwake kwa wingi. Hilo ni pungufu katika ushahidi wake, na mwanahistoria hana budi kulihesabu. Lakini swali lenyewe latokana na nchi ambazo uhuru wao umekwisha patikana, ambako mwimbaji aweza kuchagua kuwa karibu na serikali au mbali nayo. Palipo na dola isiyo na ardhi, wimbo huwa ni sehemu ya dola yenyewe, pamoja na bendera na mihuri, na yeye aliuchukua mzigo huo akijua. Ubora wake ni kwamba aliuchukua bila ya kuacha sauti yake igeuke kuwa tangazo.

Maradhi yalipozidi aliondoka Hispania akarudi kwa watu wake. Alifariki tarehe 22 Agosti 2015 katika kambi ya Smara, na kutoka hapo hadi mji wa Smara, ambao karibu yake alizaliwa, pana mpaka na boma lenye mabomu ya kutegwa.

Baada yake mambo hayakutulia. Silaha zilianza tena mwezi wa Novemba 2020, na mwezi wa Machi 2022 serikali ya Hispania, iliyoongozwa na chama kile kile kilichotoa ahadi ya mwaka wa 1976, ilitangaza kuunga mkono mpango wa Moroko wa kuipa Sahara utawala wa ndani chini ya mamlaka yake. Nyimbo zimeshikwa na kizazi kingine. Aziza Brahim alizaliwa makambini mwaka wa 1976. Bibi yake, Ljadra Mint Mabrouk, alikuwa mshairi mashuhuri wa vita, na santuri ya mjukuu ya mwaka wa 2012, *Mabruk*, ilitolewa kwa heshima yake. Aziza alisoma Kuba, akakaa Barcelona, na katika muziki wake yamo mapigo ya tbal pamoja na magitaa ya Mali na ya Hispania. Santuri yake ya mwaka wa 2014 yaitwa *Soutak*, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulitambua: ni sauti yako. Ile ya mwaka wa 2016, *Abbar el Hamada*, yataja kuvuka uwanda ule wa mawe, na ile ya mwaka wa 2024, *Mawja*, yataja wimbi, yaani wimbi la redio na la bahari pia, bahari ambayo Wasahrawi wa makambini huisikia ikitajwa katika nyimbo za wazee wao, nayo iko upande wa pili wa boma.